Nani Atausemea Mti?

Kuna mmea mdogo wa kutambaa ambao Kiswahili kimeuita kifauwongo. Ukigusa jani lake kwa ncha ya kidole, vijani vyake hujifunga kimoja baada ya kingine, kisha kikonyo kizima kikalegea na kuinama. Ukiondoka, baada ya dakika chache mmea hufunguka tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Ukilitazama vizuri, jina hilo ni tuhuma. Jiwe haliwezi kufa uwongo, wala maji. Wa kufa uwongo ni yule anayejua uhai ni kitu gani na akaamua kuuficha. Aliyeupa mmea huo jina alikuwa anatania, bila shaka, lakini utani wake umebeba swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelizunguka kwa karne nyingi: je, ndani ya mmea yumo mwenyewe? Yaani yupo wa kuguswa, ambaye kuishi na kutoishi kwake ni mambo mawili? Na kama yumo, nani atamsemea, maana kinywa hana?

Mwaka 1979 swali hilo lilichukuliwa na mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Stevie Wonder alikuwa na miaka 29 na tayari alikuwa ametunukiwa Grammy ya albamu bora ya mwaka mara tatu ndani ya miaka minne. Albamu yake ya 1976, Songs in the Key of Life, ilikuwa imemfikisha mahali ambapo kampuni yake ya Motown ingemchapishia hata kikohozi. Watu wakangoja miaka mitatu. Alichokileta, tarehe 30 Oktoba 1979, ni santuri mbili za muziki wa filamu, vipande 20, vingi havina maneno, na mada yake ni mimea. Iliitwa Journey Through the Secret Life of Plants, safari ndani ya maisha ya siri ya mimea. Hapa pana jambo la kutua. Muziki wa soul umejipa jina la nafsi. Ulizaliwa pale uimbaji wa makanisa ya Wamarekani Weusi ulipotoka madhabahuni ukaingia kwenye mapenzi na mitaani, na thamani yake yote imesimama juu ya dai moja: kwamba anayeimba anakutolea kilichomo ndani yake, bila kificho. Sasa bingwa wa muziki huo anakiimbia kiumbe ambacho hatujui hata kama kina ndani. Afanyeje? Akiimba yaliyomo ndani yake mwenyewe, mmea haumo. Akijidai kuimba yaliyomo ndani ya mmea, anasema uongo.

Mashabiki walimkimbilia kwa mazoea. Albamu ikapanda hadi nafasi ya nne katika chati ya Billboard, na wimbo wake mmoja wa mapenzi, Send One Your Love, nao ukafika nafasi ya nne katika chati ya nyimbo. Kisha ikashuka upesi, wahakiki wengi wakaikejeli, na tangu hapo imekaa katika orodha ya kazi za Wonder kama mgeni aliyekosea mlango. Shutuma kubwa ilikuwa kwamba haina umoja. Inaanza na mngurumo mzito wa vinanda vya umeme, kama ardhi inayojipasua. Inapita kwenye sauti za ndege na wadudu. Inakwenda India na zeze lake la sitar. Inafika Japani, ambako watoto wanaimba kwa lugha yao. Inaruka hadi Afrika Magharibi. Inaingia dansa la disko. Inapiga kinanda cha kanisani kwa kipande kilichopewa jina la kitabu cha Mhubiri. Halafu kuna wimbo wa dakika nane na zaidi unaokimbia kwa mdundo wa mashine, sauti ya mtu imepitishwa mitamboni mpaka hujui anayesema ni mtu au waya. Msikilizaji aliyezoea kushikwa mkono na Wonder aliachwa njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba huko kutangatanga ndiko kulikokuwa jibu lake kwa swali la kifauwongo, na ni jibu la uaminifu kuliko mengi yaliyotolewa na watu waliokuwa na uhakika zaidi.

Tuanze na namna muziki wenyewe ulivyotengenezwa, kwa sababu ndiyo ushahidi wa kwanza. Wonder alizaliwa Saginaw, Michigan, tarehe 13 Mei 1950, kabla ya siku zake, akawekwa katika mashine ya kulelea watoto njiti, na wingi wa oksijeni humo ukamharibia macho. (Hewa hiyo hiyo tunayoishukuru mimea kwa kutupa.) Hajapata kuona jani. Akaombwa atunge muziki wa kufuata picha: chipukizi linalopasua udongo, ua linalofunguka kwa sekunde chache kwa sababu kamera imekimbiza muda. Kazi ilifanyika hivi. Katika sikio moja mtayarishaji wa filamu, Michael Braun, alimweleza kinachopita kwenye picha. Katika sikio la pili fundi mitambo Gary Olazabal alimhesabia fremu zilizobaki kabla tukio halijabadilika. Katikati ya sauti hizo mbili, mmoja anasimulia na mwingine anahesabu, Wonder aliweka vidole kwenye kinanda. Ua hakuliona; aliambiwa kuna ua, akaambiwa litafunguka lini, akaamini, akapiga.

Wengi waliona hali hiyo kuwa kichekesho, kipofu kutungia filamu. Mimi naiona kuwa picha halisi ya hali yetu sote mbele ya mmea. Mwenye macho mazuri kuliko wote naye haoni maisha ya ndani ya mti. Anaona gome, jani na tunda, kisha anategemea maelezo ya wengine, ya mtaalamu mwenye darubini, ya mkulima au ya kitabu kitakatifu. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza kuwa popo kukoje, akaonyesha kwamba hata tukijua kila kitu kuhusu masikio na mbawa zake, bado hatutajua dunia ikoje kwake. Popo angalau ni mnyama mwenzetu, ananyonyesha. Mmea uko mbali zaidi, na kwa mintarafu ya mmea sote ni watu wa ghaibu, tunaamini au tunakanusha tusichokiona. Tofauti ya Wonder ni kwamba alikuwa na uzoefu wa maisha yote wa kuamini bila kuona, tena bila kujidanganya kwamba ameona. Alijua maelezo ya picha si picha.

Ndiyo maana sauti ni nyingi. Fikiri angetumia sauti moja, ile yake tamu ya kubembeleza. Tungepata santuri mbili za Stevie Wonder akijiita mti, na kwa kuwa sauti hiyo tunaipenda, tungekubali bila kujua kwamba tumedanganywa. Badala yake kila mara msikilizaji anapoanza kuzoea, sauti inabadilishwa. Ua lina sauti ya watoto wa Kijapani. Kisha lina sauti ya mwanamke, Syreeta Wright, anayeimba hamu ya kurudi duniani akiwa ua. Kisha lina sauti nyembamba ya juu ya Wonder mwenyewe kwenye Power Flower, kama pepo wa msituni. Hakuna hata moja inayoruhusiwa kukaa kitini muda mrefu. Mbadilisho huo unakukumbusha kila dakika nne kwamba unachosikia ni sauti ya kuazima. Humo mlitumika pia chombo ambacho wakati huo kilikuwa kigeni kabisa, Melodian, miongoni mwa vinanda vya kwanza vya kompyuta vya kunasia sauti: unarekodi mlio wa ndege, kisha mlio huo unapigwa kwa vidole, juu na chini, ndege mmoja akigeuka kuwa ngazi nzima ya noti. Ni mlio wa kweli, lakini unaposikika umeshapita mkononi mwa mtu. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa tunachokifanya kila tunapokisemea kisicho na kinywa.

Jambo hili halikuanzia Detroit wala Los Angeles. Msomaji aliyesoma chuo cha Kurani anakijua kisa cha gogo la mtende katika msikiti wa Madina. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akihutubu ameliegemea, alipotengenezewa mimbari akaliacha, gogo likalia mpaka waliokuwamo wakalisikia, naye akashuka akalituliza. Kisa hiki kimepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwa njia zaidi ya moja, na tazama kinachotokea waliosikia wanapotaka kueleza kilio hicho kilikuwaje. Riwaya moja inakifananisha na kilio cha mtoto anayebembelezwa. Nyingine inakifananisha na ngamia jike mwenye mimba ya miezi kumi. Mtoto na ngamia! Sauti zao hazifanani hata kidogo, na hakuna aliyeona haja ya kuchagua moja na kuifuta nyingine. Anayeamini kisa hicho ataona kwamba kilio kilikuwa cha kweli na kwamba lugha ya binadamu haikuwa na neno lake, kwa hiyo ikaazima huku na huku. Asiyeamini angalau atakubali kwamba wasimuliaji hawakuupa mti sauti ya mhubiri. Hawakulitungia gogo hotuba. Wamelipa vilio viwili vya kuazima, kazi ikaachiwa msikilizaji.

Pingamizi la kwanza ni zito na halipaswi kurukwa. Filamu ilitokana na kitabu cha Peter Tompkins na Christopher Bird cha 1973, na kitabu hicho kilijaa madai yaliyoanguka. Nguzo yake ilikuwa Cleve Backster, mtaalamu wa mashine ya kupima uongo, ambaye mwaka 1966 aliifunga mashine hiyo kwenye ua la ofisini kwake, akatangaza kwamba mmea unasoma mawazo ya mtu na unashtuka viumbe wengine wanapokufa. Katika jaribio lake mashuhuri, kamba wadogo sana walimwagwa kwenye maji yanayochemka. Mwaka 1975 watafiti walirudia jaribio hilo kwa masharti makali, wakachapisha matokeo katika jarida la Science: mmea haukushtuka. Hiyo ni miaka minne kabla ya albamu kutoka. Nguzo nyingine nayo haikudumu. Wimbo A Seed's a Star, pamoja na kipande cha Afrika Magharibi kinachousindikiza, unategemea habari za Wadogon wa Mali, ambao mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Griaule na wenzake walisema wana elimu ya siri juu ya nyota isiyoonekana kwa macho, inayofananishwa na mbegu ndogo kuliko zote. Mwaka 1991 Walter van Beek, aliyeishi na Wadogon kwa utafiti wake, aliandika kwamba elimu hiyo hakuikuta. Na maneno yanayoimbwa humo, yenye maana kwamba mbegu ni nyota, ni ya Kibambara, lugha ya majirani zao. Kwa hiyo, atasema mpingaji, hii ni albamu iliyojengwa juu ya mchanga: sayansi bandia hapa, hadithi ya kuungaunga pale.

Nakubali yote hayo kama habari. Nakataa hitimisho. Backster alikosea kwa sababu alitaka mmea utoe ushahidi kwa lugha yetu, kwa kalamu ya mashine iliyotengenezwa kumnasa binadamu muongo. Alidhani ndani ya mmea mna binadamu mdogo mwenye hofu zetu na huruma zetu. Muziki wa Wonder, hata pale alipoamini kitabu hicho (na inaelekea aliamini sehemu kubwa), haukufuata njia hiyo. Ulikosa sauti moja ya kutolea ungamo. Tena, katika Same Old Story, wimbo wa utulivu unaobebwa na gitaa, aliwachagua watu wawili waliosimama kwenye ardhi ngumu kuliko Backster. Jagadish Chandra Bose wa Calcutta alitengeneza vyombo vya kukuza mwendo wa mmea mara maelfu, akakipima kifauwongo kikiguswa na kikipigwa umeme, akaonyesha kwamba mmea una mishtuko yake ya umeme. George Washington Carver, aliyezaliwa mtumwa Missouri, alifundisha Tuskegee tangu 1896 na kuwahimiza wakulima weusi walime karanga na viazi vitamu. Huyu alisema waziwazi kwamba Mungu ndiye aliyemfunulia siri za mimea, na wenye elimu wakamcheka kwa hilo. Wote wawili walibezwa na watu waliokuwa na hakika kwamba hakuna cha kusikilizwa. Wimbo hauthibitishi kwamba mimea ina hisia. Unathibitisha jambo dogo zaidi, na nadhani la kudumu: kwamba kudharau anayesikiliza ni tabia ya zamani, na mara nyingi hutangulia uchunguzi.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, ni ya binadamu sawasawa na kinanda cha mdomo cha Wonder. Kubadilisha lugha na ala hakukusogezi hata hatua moja kuelekea mmea. Kunakuzungusha tu kati ya watu, na hatari yake ni kuwageuza Wahindi, Wajapani na Waafrika kuwa mapambo, kana kwamba wao ndio walio karibu na majani. Kuna nyimbo ambamo shutuma hii inapiga palepale. Ai No, Sono, ule wa watoto wa Kijapani, ni tamu mno, tamu ya kadi ya posta. Na kipande cha mmea unaonasa wadudu kinavunja kanuni ninayoitetea: jazi ya kunyemelea, na sauti iliyogeuzwa kwa mitambo inanong'ona kama mhusika wa mchezo wa redioni. Hapo mmea umevishwa ubaya wa binadamu, na tumepoteza cha ajabu kilichokuwapo. Maana mmea huo wa kweli ni wa ajabu kuliko jini lolote la mchezo. Juu ya jani lake zimesimama nywele fupi. Mdudu akigusa unywele mara moja, hakuna kitu. Akigusa tena ndani ya sekunde kama 20, jani linafumba kama kope. Mwaka 1873 daktari Mwingereza John Burdon-Sanderson, akichochewa na Darwin, alipima mshtuko wa umeme unaopita kwenye jani hilo. Mmea unahesabu hadi mbili, bila ubongo, bila kumchukia nzi. Hakuna muziki wa mwovu unaofaa hapo. Pengine mapigo mawili ya ngoma na ukimya katikati yangetosha.

Lakini kasoro hiyo inaitetea hoja. Wonder anashindwa pale anapojiruhusu kuwa na hakika, anapoupa mmea mhusika mmoja mwenye nia moja. Anaposhinda, kama katika ngurumo za mwanzo au katika kile kipande kinachoyumba kati ya kinanda cha kanisa na giza, hatujui nani anasema, na hatuhimizwi kujua. Ni kweli kwamba kila sauti humo ni ya binadamu. Hakuna nyingine tuliyo nayo. Cha kuuliza ni kama sauti hiyo inakiri kuwa ya kuazima au inajifanya ya mwenyewe. Mkalimani mwaminifu na muongo wote wanasema kwa kinywa chao; tunawatofautisha kwa namna wanavyosita.

Kuna pingamizi la tatu, la watu wa dini, na linatolewa kwa nia njema: ukiupa mti nafsi, umeishusha nafsi ya binadamu, ambayo itahesabiwa siku ya mwisho. Hofu hii ingeeleweka kama mapokeo yenyewe yangekuwa bahili. Hayako hivyo. Ibn Sina, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba mmea una nafsi yake, nafsi ya kula, kukua na kuzaa. Juu yake ikaja ya mnyama, na juu ya hiyo ikaja ya binadamu, yenye kufikiri. Ngazi ya chini haikuidhuru ya juu. Nabii Isaya aliipa miti ya mashambani makofi ya furaha. Na sura ya Isra, katika aya yake ya 44, inakwenda mbali zaidi: kila kilichopo kinamtukuza Mola wake, ila wanadamu hawakufahamu kutukuza huko. Sehemu hiyo ya pili ndiyo husahauliwa. Aya haituambii miti inasema nini, wala haituagizi tutafsiri. Inathibitisha sauti na papo hapo inatunyima ufahamu wake, na anayeisoma hivyo hawezi kumkubali Backster, aliyedai amefahamu, wala yule aliyedai hakuna cha kufahamu. Anabaki mahali pagumu, pa kusikiliza jambo ambalo ameambiwa lipo na ameambiwa halielewi. Albamu ya 1979, pamoja na ukuu wake na upuuzi wake, imetengenezwa mahali hapo hapo, na mtu aliyekuwa na sauti moja masikioni ikimwambia kuna ua na nyingine ikimhesabia muda.

Nakala za kwanza zilitoka na jalada la aina yake. Chini ya mkono unahisi mraba ulioinuliwa kwenye karatasi, na maandishi ya nukta nundu, yale ya wasioona. Nukta hizo zinaeleza kwamba ndani ya mraba huo kuna umbo la ua, na kwamba majani yake yana mishipa. Wonder angeweza kulisoma kwa kidole na kulifuata ua hilo mpaka mwisho wa kikonyo. Mwenye macho aliyelinunua dukani aliona vinundu tu, asijue vinasema nini, mpaka apate mtu wa kumsomea.